Upande Huu wa Mfereji

Wewe uligeuza uso. Usijifanye hukumbuki, maana mimi nakumbuka mpaka rangi ya shati lako. Ilikuwa Krismasi ya mwaka juzi, umewapakia wanao kwenye bajaji, wamevaa nguo mpya zinazonuka duka, unawapeleka kule kwenye bwawa lenye bomba la plastiki la kuteleza na puto la kurukia. Mlipofika pale njia inapoachana na kwenda ziwani, mtoto wako mmoja akanyoosha kidole. "Baba, kule kwenye mawe kuna nini?" Ukasema, "Hakuna kitu." Wala hukutazama. Ulikuwa unatazama simu.

Nilikusimamisha. Ukasema unawahi.

Sasa hapo ulipo huwahi popote, kwa hiyo kaa nikueleze hiyo "hakuna kitu" yako.

Ukitoka Butimba ukashuka kuelekea ziwani, utafika Miamba ya Mwakalunde. Kuna jiwe refu lililolala kama ng'ombe aliyeshiba, mgongo wake laini kabisa, umesuguliwa na makalio ya watoto wa mji huu tangu suruali hazijaingia. Unakaa juu, unajiachia, unatelezea mpaka kwenye kidimbwi kilichozungukwa na mawe, maji yake ya kiunoni. Juu zaidi kuna jiwe jingine ambalo ukiligonga kwa kokoto linalia kama kengele, na ukiligonga sehemu nyingine linalia sauti nyingine. Kuna pimbi wanaoota jua na kukutazama kama wewe ndiye umeingia bila kubisha hodi. Kiingilio hakuna. Mlinzi hakuna. Baba yangu alinipeleka hapo, mimi nikawapeleka wanangu, na nusu ya wanaume wanaojidai leo hapa mjini walijifunza kuogelea hapo wakiwa uchi, nawajua kwa majina, nikiombwa nitawataja.

Pembeni ya miamba unapita mfereji wa maji ya mvua, si mpana, mtoto anauruka. Ng'ambo ya mfereji ni mwalo: mchanga, mitumbwi, dagaa walioanikwa. Ushike huo mfereji kichwani.

Basi mwaka jana, mvua za vuli zilipoanza, tukaamka tukakuta bikoni. Vijiti vya saruji vyenye kichwa chekundu, vimezunguka miamba yote mpaka ukingo wa mfereji. Ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mwenyekiti wetu ni Yeremia, mmoja wa hao niliowaona wakiogelea uchi, lakini siku hizi anavaa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni.

"Wazee wangu, ndugu zangu," akasema, "eneo la miamba halitumiki. Mungu ametuletea mwekezaji. Atajenga bwawa la kisasa, familia zipate mahali pa kutembelea sikukuu."

Nikasimama. "Bwawa? Yeremia, pale kuna ziwa."

"Bwawa la kisasa, mzee."

"Yaani atachimba shimo, atie maji, kando ya Ziwa Viktoria?"

"Maji ya buluu, mzee."

"Na jiwe la kuteleza?"

"Hilo litapasuliwa kokoto, ndizo zitakazojengea bomba la kuteleza."

Watu wakacheka. Nilitazama huku na huku nijue wanamcheka nani, sikupata jibu la kuniridhisha.

"Nani kasema halitumiki?" nikauliza.

"Kamati ilikwenda ikaona kwa macho."

"Ilikwenda lini?"

"Jumanne asubuhi."

"Jumanne asubuhi hata kanisa halitumiki! Mbona hamjampa mwekezaji?"

Hapo nikapigiwa makofi, nikayafurahia kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Yeremia akakuna kichwa kwa kalamu. Wakabishana na wajumbe wake, mwishowe akatangaza kwamba kamati itakwenda tena kesho yake ya Krismasi, siku ya mapumziko. Ikikuta watu ndani ya bikoni, mwekezaji ataambiwa atafute kwingine. "Ikikuta mbuzi," akasema, "tunaendelea."

"Mbuzi wenyewe ni wako, Mzee Luhende!" akapaza sauti mtu wa nyuma, na mkutano ukafungwa kwa kicheko badala ya sala.

Nikaazima kipaza sauti cha betri. Nikaenda Mabatini, nikasimama mbele ya maduka. Nikaenda stendi ya Buzuruga. Niliwaeleza watu kila kitu: nani alianza kuuza fukwe, nani alinyamaza, nani alikula chapati kwenye mkutano ule wa zamani akapiga kura bila kusikiliza. Nilikuwa na mifano ya kutosha. Watu walipita. Baba mmoja mwenye watoto wanne alisimama, nikafurahi.

"Hapo kwenye mawe kiingilio shilingi ngapi, mzee?"

"Bure!"

"Bure kabisa?"

"Bure kabisa, ndugu yangu, ni pako!"

Akawatazama wanawe, akanitazama mimi. "Basi hapana kitu hapo," akasema, akawasukuma mbele.

Nikarudi nyumbani sauti imekauka. Mke wangu Dorotea alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wangapi wanakuja?"

"Watu wa mji huu wamelala."

"Hawajalala. Wamekusikia. Wewe unaalika watu kama unawashitaki."

Wakati huo binti yetu Rose alikuwa ameshafika kutoka Dar na mwanawe Precious, wa darasa la tano. Huyo mtoto ameshapelekwa kule kwao kwenye mabwawa makubwa ya starehe, anayajua mabomba yote, lenye kona, lenye giza, la watu wawili. Nikamwambia babu yake atampeleka mahali ambapo mama yake alichezea.

"Kuna bomba lenye kona, Babu?"

"Kuna jiwe."

Akafikiri kwa adabu. "Jiwe linafanya nini?"

Sikukuu ya Krismasi mchana tulikula pamoja na wakwe. Rose ameolewa na mtoto wa Otuoma, Mjaluo wa Shirati, fundi mitumbwi mstaafu, Mmenonaiti asiyekosa kanisa, mtu mkubwa anayevaa suti hata akienda kununua mkaa. Anaishi Mabatini na mkewe Apiyo. Mimi na Otuoma tunapendana sana na hatujawahi kukubaliana jambo lolote. Mbele ya wakwe mtu hufunga kifungo cha juu na kula kidogo, na kwa heshima hiyo Otuoma alikuwa amekula mapaja mawili tu ya kuku.

"Mkwe," akaniambia, "nilikusikia Mabatini. Mtoto wa dukani aliuliza kama kuna mtu amekufa."

"Nilikuwa nawaalika."

"Kumbe! Mimi nilidhani unawafukuza."

Apiyo akamfinya. Mimi nikasema watu wa Mwanza hawatoki tena kwa jambo la maana. Hapo Dorotea akaweka bakuli chini.

"Watu wa Mwanza?" akasema. "Baba yangu kule Magu alikuwa anajaza uwanja bila kipaza sauti. Alikuwa mcheza ngoma, Mgalu. Upande wa pili walikaa Wagika. Ngoma mbili, siku moja, uwanja mmoja, zinatazamana, zinapigwa kwa pamoja. Watu wanakimbia huku, wanakimbia kule, wanakanyagana. Jua likizama, mwenye watu ndiye mshindi, hakuna hakimu. Ngoma ikiwa moja mtu anasema nitakwenda kesho. Zikiwa mbili hawezi kulala, anataka kuona nani ataaibika."

Otuoma akafuta mdomo kwa leso, polepole.

"Kwa hiyo Wasukuma mnataka mtu wa kushindana naye," akasema. "Mngesema mapema. Mimi kesho sina kazi."

"Utashindana na nini, mkwe? Suti?"

"Wewe nenda na mawe yako na historia yako. Mimi nitakuwa na ziwa na samaki. Tuone wajukuu wa nani watacheka zaidi."

"Wajukuu ni wale wale," Rose akasema.

"Ndiyo maana," tukajibu wote wawili.

Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika Buzuruga bila betri. Luhende na mkwewe Mjaluo wanashindana matembezi ya sikukuu! Wengine wakasema Otuoma ameagiza mtumbwi wa mashindano kutoka Rorya. Wengine wakasema mimi nimekwenda Magu kutafuta dawa ya kuvuta watu, maana wacheza ngoma wa zamani hawakosi. Katekista akanisimamisha njiani.

"Mzee Luhende, nasikia una dawa."

"Dawa yangu ni historia, katekista."

Akanionea huruma. "Bora ungekwenda Magu," akasema.

Likabaki suala la uwanja. Ngoma mbili hazikai bega kwa bega. Lazima zitazamane, na katikati pawe na nafasi ya watu kupita, ndipo uone waziwazi nani kakimbiwa. Mimi nikachukua miamba. Otuoma akachukua mchanga wa mwaloni, ng'ambo ya mfereji.

"Na bikoni?" Dorotea akauliza. "Kule si nje ya bikoni?"

"Bikoni ziko upande wangu," nikamwambia, "na mshindi ni mimi. Kwa hiyo kamati itawakuta watu ndani. Hesabu si ndogo hiyo?"

Dorotea alinitazama kama anavyotazama ugali ulioungua.

Walikuja. Mungu wangu, walikuja! Walikuja na masufuria ya pilau yaliyofungwa kwa kanga, kreti za soda, mikeka, vitoto mgongoni, bibi mmoja kwenye toroli anasukumwa na wajukuu na kuwakemea njia nzima. Yule baba wa watoto wanne alikuja. Hakuna hata mmoja aliyekuja kutetea ardhi, sitakudanganya. Walikuja kuona mzee mzima akiaibishwa na mkwewe, na kwa kuwa hawakujua ni mzee yupi, walikuja mapema.

Nilikuwa nimepasua madumu ya mafuta ya kula ubavuni, yawe viti vya kutelezea. Nikamwita Precious mbele ya kadamnasi. Alivaa gauni jeupe la Krismasi lenye maua kiunoni. Akakaa kwenye dumu, akatazama chini.

"Babu, breki ziko wapi?"

"Breki ni ziwa."

Nikamwachia. Dumu likalia juu ya jiwe, maua yakaruka, na mtoto akaingia kidimbwini kwa kishindo hata pimbi wakakimbia. Rose kashika kichwa kwa mikono miwili. Maji yakatulia, kichwa kikatokea, kimejaa majani, na mdomo umefunguka mpaka nikaona meno ya nyuma.

"Tena!" akasema. "Babu, tena! Hili halina foleni!"

Wewe hujawahi kuona watu wakihama. Mchanga wa Otuoma ukabaki na Otuoma. Watoto wakapanda jiwe kama siafu, akina mama wakafuata kuwazuia, na akina mama nao wakatelezea, mmoja ameshika bakuli la kachumbari na halikumwagika. Yule bibi wa toroli akaomba dumu. Nilikuwa nao wote. Ingenitosha kunyamaza.

Lakini unapowapata watu wengi hivyo baada ya kupuuzwa miaka yote, mdomo hauombi ruhusa. Nikachukua kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Sasa nisikilizeni. Mwaka ule gugumaji lilipofunika ziwa hili, mitumbwi ikashindwa kutoka, nani alikuja kututazama? Nitawatajia. Wa kwanza..."

Nilipofika wa tatu niligundua nazungumza na migongo. Ng'ambo, Otuoma alikuwa amewasha moto, harufu ya samaki sato imeruka mfereji peke yake, na yeye mwenyewe, na suti yake, anazungusha watoto kwenye mtumbwi na kuimba tenzi za kanisani kwa mwendo wa kasi.

"Mkwe!" akaniita kutoka majini. "Endelea, endelea! Pimbi wanakusikiliza!"

"Funga mdomo, gonga jiwe!" Dorotea akanipigia kelele.

Nikaacha kipaza sauti, nikashika kokoto mbili, nikaligonga lile jiwe linalolia. Mara ya kwanza watu wakageuka. Mara ya pili Dorotea akaanza kuitikia ngoma ya babaye, mabega yanapanda na kushuka, na wanawake wa Kisukuma waliokuwa na vipande vya samaki mkononi wakavitupa kinywani wakarudi mbio, wanaruka mfereji, kanga zimefungwa viunoni. Vumbi likapanda. Wenye asili ya Ukerewe wakasema kwao hili si kitu, yako mawe yanayocheza yenyewe, wakaambiwa wayalete. Nikasema moyoni, Yeremia, njoo sasa. Njoo sasa hivi na kalamu zako.

Yeremia hakuja sasa hivi. Alikuwa anakula kwa dada yake.

Na Otuoma alikuwa na jambo la mwisho. Akauburuta mtumbwi mpaka mchangani, akaufunga kamba mbele na nyuma, akasimama juu yake kama mchungaji.

"Tunavuta mtumbwi!" akatangaza, bila kipaza sauti, kwa kifua tu. "Upande wa mbele, mama wakwe! Upande wa nyuma, wake za watoto wao!"

Umeelewa? Mwanamke ambaye mwaka mzima anampigia mama mkwe wake goti, anasema "shikamoo mama" hata akiwa amekasirika, leo anaruhusiwa hadharani kumburuta kwenye mchanga. Na mama mkwe ambaye mwaka mzima amejizuia kusema habari ya mboga anazopikiwa, leo anapewa kamba. Nani angebaki kwenye miamba? Apiyo alikuwa ameshavua viatu. Nyuma ya mtumbwi, mbele ya wake wote, amesimama Rose wangu.

"Dorotea," nikasema, "unakwenda wapi?"

"Mwanangu anashika kamba."

"Kamati inakuja! Bikoni!"

"Bikoni hazina mama mkwe," akasema, akaruka mfereji kama msichana.

Nikabaki peke yangu juu ya miamba. Si kweli, mbuzi wangu walikuwa wamerudi. Hasira iliyonipanda hapo sijapata kuiona tangu mkutano ule wa chapati. Nikasema, watu hawa lazima waambiwe. Nikachukua kipaza sauti, nikashuka, nikavuka kuwaambia.

"Ndugu wananchi!" nikaanza. "Mnafanya nini upande huu? Hamna kumbukumbu! Mwaka ule..."

"Mzee, shika kamba au pisha!" akasema yule baba wa watoto wanne.

"Baba!" Rose akalia, visigino vimezama mchangani. "Baba, tunavutwa! Shika nyuma!"

Ni binti yangu. Nikashika kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukaendelea na kipaza sauti, kwa hiyo ziwa zima likasikia: "Nani aliuza fukwe, vuta Rose, nani alinyamaza, mkanyage, si huyo, yule Apiyo, vuta!" Apiyo akapiga kigelegele, akageuka, akaweka kamba begani kama anayerudi na kuni, akatembea tu. Mtumbwi ukaondoka nao wake wote, na mimi mkiani. Tukaanguka mmoja juu ya mwingine. Mama wakwe wakacheza juu yetu. Otuoma alicheka mpaka kifungo cha juu kikakatika.

Nilipotoa mchanga machoni nikaona mashati meupe. Yako ng'ambo, juu ya miamba, katikati ya bikoni. Kamati. Imezungukwa na mbuzi wangu, mmoja anatafuna mkeka wa mtu.

"Mzee Luhende!" Yeremia akaita kutoka huko. "Mbuzi tumewaona!"

"Na watu je?" nikafoka kwa kipaza sauti. "Watu hawa wote huwaoni?"

"Nawaona vizuri sana, mzee. Wako mwaloni. Mwalo unatumika, hakuna anayebisha."

Watu wakaanza kuulizana. Mama mmoja akajipangusa mchanga. "Kwani mpaka uko wapi?"

"Kwenye mfereji," akajibu Dorotea.

"Huu mfereji? Na sisi tulikuwa kule tangu asubuhi! Mbona hatukuambiwa?"

"Sijawaambia?" nikapiga kelele. "Nimesema Mabatini! Nimesema Buzuruga mpaka sauti ikakauka!"

Otuoma akaweka mkono wake mzito begani kwangu. Alikuwa ameacha kucheka. "Mkwe, nilikusikiliza Mabatini mwanzo mpaka mwisho. Ulisema gugumaji. Ulisema chapati. Mfereji hukuutaja."

Endelea kusoma.

Watu wakavuka wote kwa pamoja, wengine ndani ya maji ya mfereji kabisa, masufuria kichwani, toroli imebebwa na bibi yake ndani. Wakajaza miamba mpaka mbuzi wakakosa pa kusimama. Yeremia akanyanyua mikono. "Mmechelewa, ndugu zangu. Kamati imeshaona ilichokiona."

Lakini mjumbe wake mmoja hakuwa anamsikiliza. Ni Mama Sabina, mtu mzima, mnene, sketi ya heshima na mkoba wa ngozi. Alikuwa amesimama juu kabisa ya jiwe la kuteleza anatazama chini. Precious akamsogelea na dumu.

"Shikamoo, Bibi. Unataka kujaribu?"

"Marahaba. Nijaribu?" Mama Sabina akasema. "Mjukuu wangu, mimi niliteleza juu ya hili kabla mama yake huyu mwenyekiti hajaolewa."

"Mama Sabina, tuko kazini," Yeremia akasema.

"Shika miwani yangu."

Akakaa. Dumu lilimbana, akina mama wawili wakamsukuma mgongoni, na mjumbe wa kamati akashuka na mkoba wake, anaita jina la Yesu kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili. Maji yaliyotoka kidimbwini yalimfikia Yeremia kalamuni. Akaibuka, sketi imepasuka pembeni, akapiga chafya, akanyoosha kidole.

"Mwenyekiti. Eneo linatumika."

"Linatumiwa na nani, mama?"

"Na mimi. Au mimi si mwananchi?"

Hapo kelele zilizopigwa sitaweza kuziandika. Yeremia alisema mjumbe mmoja si umma. Mama Sabina akamwambia basi yeye ni mmoja, avue viatu wawe wawili. Walibishana pale pale, mmoja ameloa kalamu na mmoja anachuruzika, na wengine wakigawanyika, hadi Yeremia, ambaye si mjinga, nilimwona akiwa mtoto na hakuwa mjinga, akatoa uamuzi.

"Sawa. Leo hatuandiki chochote. Lakini leo si siku ya kawaida, leo kulikuwa na mashindano. Kamati itarudi Jumapili mojawapo. Haitasema Jumapili ipi. Ikikuta familia zimekaa tu, bila ngoma, bila mkwe wa mtu, zinapumzika kama watu wanavyopumzika, eneo ni lenu. Ikikuta patupu, mwekezaji analeta greda."

Watu wakashangilia, wakanibeba, wakambeba na Otuoma, yeye wakamtua haraka. Kila mtu aliapa. Kila Jumapili, Mzee Luhende! Tutakuwa hapa! Yule baba wa watoto wanne alinishika mkono mara mbili.

Jumapili iliyofuata tulikuja wengi. Ile nyingine mvua ilinyesha, tukawa wachache. Halafu shule zikafunguliwa, Rose na mwanawe wakarudi Dar, na watu wakaanza kuwa na harusi, na vikoba vya kuweka na kukopa, na mpira kwenye televisheni. Jumapili iliyopita tulikuwa mimi, Dorotea na Apiyo, na Otuoma kwenye suti yake na mshipi wa kuvulia, amekaa katikati ya bikoni kwa makusudi, hakamati samaki yeyote, hata ngege.

Precious huwa anapiga simu jioni. "Babu, kamati imekuja?"

"Bado."

"Na watu?"

Nikampa bibi yake simu.

Kamati haikuja Jumapili hiyo. Inaweza kuja hii. Kwa hiyo sikuelezi tena habari ya gugumaji wala chapati, na yale majina nimeyaweka kando, nitakutajia tukikaa. Nasema jambo moja, na safari hii nalisema vizuri. Jumapili baada ya misa usipande bajaji ya kwenda bwawani. Shuka ile njia ya Butimba. Chukua mkeka, sufuria ya viazi, na nguo ya kubadili mtoto. Utakapofika kwenye mfereji, usivuke. Keti hapo, ndani ya vile vichwa vyekundu, na usinyanyuke kwa sababu ya harufu ya samaki wa mtu yeyote mpaka jua lizame. Huna haja ya kunisikiliza, huna haja hata ya kunisalimia. Hesabika tu.

Weka hii karatasi chini. Mwite mtoto, mwambie Jumapili mnakwenda wapi. Mwambie sasa, nikisikia.